Kutoka Shauri hadi Maoni: Lugha ya Mijadala ya Sheria katika Kaloleni, 1913–2019

1. Utangulizi

Historia ya sheria za Kenya imezoeleka kuandikwa kutoka upande wa waliozitunga: mswada ulisomwa lini, nani aliutia sahihi, adhabu zake zilikuwa zipi. Ni mara chache ambapo huulizwa swali ambalo mtaalamu wa lugha angeliuliza kwanza: jambo lile lilijadiliwa kwa lugha gani, na wale waliolijadili waliliitaje tendo lenyewe la kujadili? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano wa mahali pamoja, yaani Kaloleni.

Kaloleni iko nyuma ya pwani ya Kilifi, katika barabara itokayo Mariakani kuelekea Mavueni. Wengi wa wakazi wake ni Wagiriama, mojawapo ya makundi tisa ya Mijikenda. Hapa lugha tatu zimegawana kazi kwa muda mrefu: Kigiriama ni lugha ya nyumbani na ya wazee, Kiswahili ni lugha ya soko, shule na mkutano, na Kiingereza ni lugha ya hati na ya sheria. Kwa hivyo kila mara serikali ilipotaka kuzungumza na watu wa Kaloleni juu ya sheria, maneno yalipita katika tafsiri walau mara moja, na mara nyingi mara mbili.

Hoja inayotolewa ni kwamba Kiswahili cha mikutano hiyo kina maneno matatu makuu ya kutaja mjadala wa umma, nayo ni shauri, maoni na ushirikishwaji. Maneno haya hayalingani. Kila moja linaeleza kwa namna yake nani mwenye uwezo wa kulimaliza jambo lililozungumzwa. Katika muda wa karne moja, Kaloleni ilihama kutoka neno la kwanza hadi la tatu, na uwezo wa wasemaji ulipungua kadiri neno lilivyorefuka.

2. Kambi na baraza

Kabla ya utawala wa Waingereza, mambo makubwa ya Wagiriama yaliamuliwa na kambi, yaani baraza la wazee waliopanda daraja za umri hadi kufikia ile ya juu. Makao ya desturi yao yalikuwa Kaya Fungo, ambayo imo katika eneo la Kaloleni na ambayo jina lake limehifadhiwa hadi leo katika wadi ya Kayafungo. Katikati ya kaya palikuwa na moro, mahali pa wazee kukutana.

Si haki kuusifu utaratibu huu kupita kiasi. Vijana hawakuwa na sauti sawa na wazee, na wanawake walikuwa na vyama vyao lakini hawakukaa katika kambi. Pamoja na hayo, utaratibu ule ulikuwa na sifa moja inayohusika na hoja hii: mazungumzo yalikuwa na mwisho, na mwisho huo ulikuwa mikononi mwa wazungumzaji wenyewe. Kwa Kiswahili tendo hilo huitwa kukata shauri. Neno shauri lina maana nyingi: ni ushauri, ni kesi, ni jambo lililoko mbele ya watu. Lakini linapofuatana na kitenzi kukata, halina utata. Waliozungumza ndio waliokata.

Utawala wa kikoloni ulikuja na neno lake, baraza. Hapo awali neno hilo kwa Waswahili lilikuwa kibao au kiti cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa wageni na mazungumzo ya jioni. Serikali ililichukua na kulipa maana mpya: mkutano ulioitwa na mtawala, ambapo yeye hukaa kitini na wengine husikiliza. Umbo la neno halikubadilika, ila mwenye baraza alibadilika.

3. Mwaka 1913: baraza lililojibiwa kwa kiapo

Mgongano wa tafsiri hizi mbili ulitokea mapema. Mwaka 1912 Arthur Champion alipelekwa kuwatawala Wagiriama kwa karibu zaidi. Matakwa ya serikali yalikuwa kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya pwani na kazi za serikali. Wazee waliteuliwa kuwa wakuu wa sehemu zao, na matakwa hayo yalitangazwa mbele ya watu katika mabaraza.

Kwa maafisa, kutangaza mbele ya watu na kutopingwa palepale kulikuwa sawa na kukubaliwa. Kwa Wagiriama haikuwa hivyo. Jambo lililosemwa na mgeni lilikuwa limefunguliwa tu. Bado lilikuwa halijakatwa. Kulikata kulifanyika pengine. Mwaka huo wa 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka nchini akiwaita watu, na pamoja na Wanje wa Mwadorikola akakusanya wengi katika Kaya Fungo. Huko walikula viapo viwili, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba hapana atakayewatumikia Waingereza. Jibu la matakwa ya serikali lilikuwa limetolewa, lakini si katika lugha wala mahali ambapo serikali ilikuwa ikisikiliza.

Simulizi iliyo maarufu hueleza mkutano mmoja ambapo Mekatilili alimletea Champion kuku mwenye vifaranga na kumtaka ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Kuku alimdona, na Mekatilili akaeleza kwamba hivyo ndivyo atakavyofanyiwa akitaka kuwachukua vijana wa Wagiriama. Hata kama simulizi hii imepambwa kwa kupita midomo mingi, inafundisha jambo juu ya mawasiliano ya siku zile. Watu waliikumbuka hoja iliyotolewa kwa kitendo, isiyohitaji mkalimani.

Serikali ilijibu kwa nguvu. Mekatilili na Wanje walikamatwa na kuhamishiwa Kisii, na wazee wakatakiwa kuvitegua viapo. Mwezi wa Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na vita vikafuata. Yafaa ikumbukwe kwamba kilichobomolewa hakikuwa ngome ya askari. Kilikuwa mahali pa kukatia shauri. Kuanzia mwaka 1924 yaliundwa mabaraza ya wenyeji katika wilaya, chini ya uenyekiti wa mkuu wa wilaya mwenyewe. Wananchi walipata tena mahali pa kusema, ila mwisho wa mazungumzo ulikuwa umekwisha kuhamishwa.

4. Ngala: shauri katika kitabu na katika katiba

Mtu aliyeziunganisha lugha zote tatu za Kaloleni alikuwa Ronald Ngala, mzaliwa wa sehemu za Gotani, aliyesoma katika shule ya misheni ya Kaloleni kabla ya kuendelea hadi Alliance na kuwa mwalimu. Mwaka 1949 Eagle Press ilichapisha kitabu chake kidogo, Nchi na Desturi za Wagiriyama. Kitabu hicho kina umuhimu kwa wataalamu wa lugha, kwa sababu ndani yake mambo ya Wagiriama yanaelezwa na Mgiriama kwa Kiswahili. Kabla yake, kazi kama ile ya W. E. Taylor ya mwaka 1891 juu ya maneno ya Kigiriama iliwaeleza Wagiriama kwa wasomaji wa Kiingereza.

Kuanzia mwaka 1960 Ngala aliongoza chama cha KADU, kilichodai utawala wa majimbo. Mwaka 1962 hoja hiyo ilipelekwa katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Hapa neno la Kiswahili lilifanya safari isiyo ya kawaida. Jimbo, neno la kawaida la sehemu ya nchi, liliingia katika siasa za Kiingereza likiwa katika wingi wake, majimbo, na likabaki humo bila kutafsiriwa. Huu ni mfano wa nadra wa neno la mkutano wa hadhara kuingia katika meza ya watunga katiba kwa sura yake yenyewe. Katiba ya 1963 iliunda mabaraza ya mikoa, lakini KADU ilijivunja mwezi wa Novemba 1964 na mamlaka ya mikoa yakaondolewa upesi. Neno likabaki bila kitu chake, na kwa miaka mingi likawa jina la kitisho katika siasa za nchi.

Ngala alifariki Desemba 1972. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya mijadala katika Bunge. Hata hivyo miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mgawanyo wa kazi uliokuwa Kaloleni ulikuwa sasa umehamia Nairobi: Kiswahili kilikuwa lugha ya kusemea na Kiingereza lugha ya kukatia.

5. Mnazi kama ushahidi

Ili kuelewa mjadala uliofuata, hapana budi kueleza nafasi ya mnazi. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na Wagiriama wa sehemu hizi, na mwaka 1972 akachapisha kitabu juu ya minazi, tembo na mashahidi. Alichokiona ni kwamba minazi ilikuwa mali ya kununuliwa na kuwekwa rehani, na kwamba wakulima vijana wenye bidii walikuwa wakiikusanya kutoka kwa majirani. Maadamu mauzo hayakuwa na hati madhubuti, usalama wa mnunuzi ulitegemea wazee walioshuhudia. Kijana aliyewapita wazee kwa mali aliwahitaji kwa maneno yao.

Katika mapatano ya aina hiyo, kama katika posa na upatanisho, tembo halikosekani. Kadzama, yaani kibuyu cha tembo kinachopelekwa kwa wazee, si kinywaji cha starehe tu. Ni alama kwamba jambo limefunguliwa rasmi na kwamba waliokunywa wanaweza kuitwa kesho kushuhudia. Kwa maneno mengine, pale ambapo sheria ya Kiingereza huweka sahihi na muhuri, desturi ya Kaloleni iliweka kadzama.

Jina la kinywaji hiki nalo linahitaji maelezo. Kwa Kiswahili cha pwani ni tembo. Kwa Kigiriama ni uchi, neno ambalo msikilizaji kutoka bara hulielewa vibaya na kucheka, ingawa ni ndugu wa neno la zamani la Kiswahili uki, pombe ya asali. Katika mazungumzo ya kila siku mti na kinywaji vimeunganishwa katika jina moja, mnazi. Majina yote matatu hutaja kitu chenyewe au asili yake. Hapana hata moja linalotaja ulevi.

6. Kutoka kukata shauri hadi kutoa maoni

Mwaka 2001 na 2002 Tume ya Kurekebisha Katiba ya Kenya, chini ya uenyekiti wa Yash Pal Ghai, ilizunguka katika majimbo yote 210 ya uchaguzi, Kaloleni likiwa mojawapo. Kwa wingi wa watu na upana wa maswali, nchi ilikuwa haijapata kuona mjadala wa aina hiyo. Msemaji aliruhusiwa kutumia Kiingereza, Kiswahili au lugha yake ya nyumbani, na maneno yalinaswa na kuandikwa. Baada ya karibu miaka 90 tangu Kaya Fungo, dola ilikuwa imekubali kumsikiliza mzee wa Kigiriama kwa Kigiriama chake.

Lakini neno lililotawala mikutano ile lilikuwa maoni. Raia walialikwa kutoa maoni, na tume ilikuja kukusanya maoni. Vitenzi hivi vinasema wazi. Anayetoa hubaki bila kile alichokitoa. Anayekusanya huondoka nacho. Maoni hayakatwi. Hupimwa na mwingine, mahali pengine. Haisemwi hapa kwamba tume ilifanya hila. Haikuwa na njia ya kuandika katiba kwa kukata shauri 210. Inachosemwa ni kwamba tofauti kati ya matendo haya mawili haikuelezwa kwa wasikilizaji ambao, kwa desturi yao, kuombwa neno mbele ya watu kulimaanisha kuwa na sehemu katika uamuzi. Rasimu ilipobadilishwa na kukataliwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, wapo walioona kwamba shauri lao lilivunjwa, kumbe kisheria walikuwa hawajapewa shauri lolote.

Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 iliufanya mjadala wa umma kuwa sharti. Ibara ya 10 inautaja miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 118 inalibana Bunge na ibara ya 196 mabaraza ya kaunti. Ibara ya 7 inafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kwa Kiswahili sharti hili jipya limejulikana zaidi kwa jina la ushirikishwaji wa umma. Umbo lake lastahili kuchunguzwa. Mzizi ni shiriki. Kiambishi cha usababishi kimeongezwa kikatoa shirikisha. Kisha kikaja cha kutendwa, shirikishwa. Mwenye kushiriki hufanya mwenyewe. Mwenye kushirikishwa hufanyiwa na mwingine aliyeamua lini, wapi na kwa kiasi gani. Baadhi ya waandishi hupendelea ushiriki wa umma, na sarufi iko upande wao.

7. Sheria ya vileo na saa za mnazi

Mwezi huohuo wa Agosti 2010 ilitiwa sahihi Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyopewa na watu jina la Mututho kwa kumfuata mbunge aliyeileta. Sababu zake zilikuwa nzito. Pombe iliyotiwa sumu ilikuwa imeua watu katika sehemu mbalimbali za nchi; mwaka 2000 pekee, katika tukio moja la Nairobi, walikufa zaidi ya 100. Sheria iliruhusu chang'aa iliyokuwa imepigwa marufuku, ila kwa masharti ya viwango, vifungashio na leseni. Mahali pa kuuzia pasiwe karibu na shule kwa chini ya mita 300. Baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi, na saa 8 mchana siku za mapumziko, na kufungwa saa 5 usiku.

Vinywaji vya kienyeji vilijumlishwa ndani ya neno moja la sheria. Katika Kiswahili cha redio na mikutano neno hilo likawa kileo. Tafsiri hii si kosa, lakini ina gharama. Kileo hutokana na kulewa. Ni jina la matokeo. Tembo, uchi na mnazi ni majina ya vitu. Mgema aliyesikia kwamba serikali inadhibiti vileo hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba panazungumzwa mti wake, ushahidi wa ardhi yake na mahari ya binti yake. Alilitambua hilo askari alipofika.

Saa zenyewe zilionyesha kwamba aliyeandika hakuzungumza na mgema. Mnazi hugemwa asubuhi na jioni. Mgema hupanda, hukata kipande chembamba cha ncha ya ua lisilofunguka, na kibuyu hupokea matone. Utomvu huanza kuchacha palepale kibuyuni; ukiachwa hadi kesho huwa mkali, na baadaye siki. Tembo la asubuhi lina soko la asubuhi. Sheria inayofungua soko saa 11 jioni inafaa kwa kinywaji cha chupa kinachoweza kungoja. Kwa tembo ni amri ya kuuza kilichokwisha kuharibika, au kuuza kwa kujificha. Sharti la usafi lingeweza kuwekwa kwa namna inayofuata mwendo wa mti. Pangetosha kumwuliza mgema swali moja kwa lugha yake kabla ya kuandika.

Mageuzi yaliyofuata yaligawa jambo hili zaidi. Sheria ya Mazao ya 2013 iliuweka mnazi katika orodha ya mazao ya taifa na kuzifuta sheria za minazi zilizorithiwa kutoka kwa ukoloni. Utoaji wa leseni za vileo, kwa upande mwingine, ulikwenda kwa kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Hivyo mti ukawa na ofisi moja na utomvu wake ofisi nyingine, wakati katika Kigiriama na katika Kiswahili cha Kaloleni vyote viwili vilikuwa bado na jina moja.

8. Mahakama na neno baraza

Mahakama zimeanza kulipa sharti la ushiriki uzito. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Hukumu ile ilieleza kwamba tangazo la gazeti halitoshi, na kwamba yapasa kutumiwa makanisa, misikiti, mabaraza ya hadhara, na redio za taifa na za lugha za wenyeji. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kanuni za tumbaku, ilisisitiza kwamba ushiriki usiwe wa kujionyesha tu.

Hukumu hizi ni hatua kubwa, na zinarudisha mezani mambo mawili yaliyokuwa yamepuuzwa tangu 1913: mahali pa mazungumzo na lugha yake. Lakini zinapima njia ambayo taarifa ilipitia ili kuwafikia watu. Bado hazijapima kama maneno ya taarifa yalikuwa na maana ileile kwa aliyeyasema na kwa aliyeyasikia. Redio ya lugha ya wenyeji ikitangaza kileo pale ilipopasa kutaja mnazi, sharti limetimizwa na mgema hajaambiwa kitu.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba watu wa Kaloleni hawakukosa kusema. Walisema mwaka 1913 kwa kiapo, miaka ya 1960 kwa chama, mwaka 2002 mbele ya tume. Kilichobadilika ni mahali ambapo kusema kulimalizikia. Palipokuwa na shauri palikuja maoni, na palipokuwa na maoni pakaja ushirikishwaji. Na kila mara maandishi ya mwisho yaliandikwa katika lugha ambayo wasemaji hawakuitumia.

Jambo hili lina upande ulio wa wataalamu wa lugha, usioweza kuachiwa wanasheria. Idara za lugha zimetumia miongo mingi kuunda istilahi za sayansi na za uongozi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kazi ya kwenda upande wa pili haijapewa nafasi yake, yaani kukusanya msamiati wa wagema, wavuvi na wafugaji, kwa Kiswahili na kwa lugha za jirani zake, na kuuweka mbele ya mwandishi wa miswada kabla hajaandika. Orodha ya kurasa chache ya maneno ya mnazi kama yatumikavyo Kaloleni, yakiwa na saa, vipimo na matumizi yake, ingemwonyesha mwandishi wa 2010 kwamba kinywaji alichokuwa akikiandikia masharti kilikuwa na soko lake la asubuhi.

Wala kazi hiyo haiwezi kungoja sana. Wazee wanaojua lipi husemwa kadzama inapopokewa, na lipi husemwa shauri likikatwa, wanapungua, na vijana wanajifunza maneno ya mkutano kutoka kwa matangazo ya ofisi. Likibaki neno ushirikishwaji peke yake, raia wa Kaloleni ataendelea kuhudhuria mikutano kwa utaratibu mzuri na kuweka jina lake katika orodha ya waliohudhuria, pasi na kulikata shauri lolote.